Mnaosema tunawawekea maji kwenye mitungi ya gesi, njooni hapa tuelewane

MitungiTabata (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Mimi nauza gesi huku Tabata, mwaka wa saba huu, mitungi ya kilo 6, ya 15 na ile mikubwa ya 38 ya wenye migahawa, na leo nimeumia roho ndo maana nashusha huu uzi. Asubuhi kaja mama mmoja mteja wangu wa siku nyingi, mtungi kaupakia kwenye bodaboda, kaushusha mbele ya duka watu wamejaa, akautikisa akasema sikilizeni wenyewe, maji haya, huyu kijana anatuuzia maji. Na kweli ukiutikisa unasikia chwa chwa. Watu wakaanza kuguna. Nikijaribu kueleza naona naongea peke yangu, mwisho nikamrudishia hela yake nikabaki na mtungi. Sasa naeleza hapa kwa utulivu, maana najua nyumba nyingi Dar hii kuna mtu anaamini hivyo hivyo.

Hiyo sauti ni ya kweli. Mle ndani kuna kitu cha majimaji, sibishi, ila sio maji, ni gesi yenyewe ikiwa kimiminika. Mwenye wasiwasi achukue kiberiti cha gesi, kile cha plastiki unachoona mpaka ndani, kila genge wanacho. Kiinue kwenye mwanga, si unaona kitu kinacheza mle kama maji? Ukibonyeza inatoka gesi inawaka. Sijawahi kusikia mtu kagombana na muuza genge kwamba kiberiti kina maji. Ile ni butani, na kwenye mtungi wako kuna butani hiyo hiyo pamoja na ndugu yake propani.

Propani ukiiacha wazi inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani inachemka nusu nyuzi tu chini ya sifuri, na Dar yetu hii nyuzi 30, kwaiyo zikiwa nje zote mbili ni gesi hazina ujanja. Ila ukizibana zikakosa nafasi zinakubali kuwa kimiminika bila kupozwa kwenye friji wala nini, na hapo ndo biashara yote ya mitungi ilipo. Gesi ya mtungi wa kilo 6 ukiiacha ijitanue ikae kama hewa hii tunayovuta inataka nafasi ya lita 2,500 mpaka 3,400 kutegemea propani iko kiasi gani, yani mapipa 13 mpaka 17 ya lita 200. Kwenye chumba na sebule utayapanga wapi? Ikishabanwa unaibeba kwa mkono mmoja unapanda nayo ngazi.

Ukifungua jiko, ile gesi iliyokaa juu ya kimiminika inatoka, presha inashuka kidogo, kimiminika cha chini kinachemka kujazia. Mda wote unaopika, mle ndani kuna chungu kinachemka bila moto. Na hakijazwi mpaka juu, panaachwa nafasi kama asilimia 20 hivi ili joto likipanda kipate pa kujitanua, ndo maana ata mtungi mpya uliojaa vizuri ukiutikisa lazima ulie. Usipolia kabisa ndo ushtuke.

Sasa yule mama alikuwa na hoja nyingine ambayo naiheshimu, alisema akiweka sufuria la baridi jikoni chini linatoka matone, anapangusa yanarudi. Mama yangu mzazi pia aliwahi kuniuliza hili. Matone hayo ni maji kweli kabisa, ila hayajatoka kwenye mtungi. Propani ni kaboni 3 na haidrojeni 8, butani ni kaboni 4 na haidrojeni 10, basi, oksijeni haimo, na maji bila oksijeni hayapo. Oksijeni inatoka kwenye hewa ya jikoni kwako. Moto ukiwaka, kaboni inashikana na oksijeni inakuwa kabonidayoksaidi, haidrojeni nayo inashikana na oksijeni yanakuwa maji. Maji yanazaliwa kwenye moto. Tena mengi, kilo 1 ya propani ikiungua yote inatoa kilo 1.6 za maji, butani inatoa kama 1.55, kwaiyo mtungi wa kilo 6 mpaka unaisha umetengeneza zaidi ya lita 9 za maji, ndoo ndogo nzima, yakaondoka kama mvuke hujayaona. Sufuria la baridi ndo linayakamata dakika ya kwanza, likishapata moto yanakauka.

Nakaribisha maswali, nitajibu yote ninayoyaweza. Shule niliishia form four lakini hii kazi naisoma kila siku.

bajaji_mbezi

Mkuu umetulia. Mimi naendesha bajaji ya gesi, ile ya CNG, gesi asilia, naomba unisaidie kitu kimoja. Mtungi wangu nikiutikisa haulii kitu, kimya, hata ukiwa full. Alafu chuma chake kinene balaa wakati mtungi wa nyumbani chuma chake chepesi. Si gesi zote ni gesi? Na wa kwangu ukiishia njiani unaishia ghafla foleni ya Ubungo jua linawaka.

dada_maandazi

Kaka MitungiTabata maelezo mazuri ila mimi bado sijashawishika. Napika maandazi na chapati Mbagala, nachukua mtungi wa kilo 15. Zamani unanifikisha wiki tatu, sasa hivi wiki mbili na siku chache umekata. Biashara ni ile ile, unga ni ule ule. Kama sio maji ni nini? Na mwishoni moto unakuwa mdogo ila ukitikisa unasikia kabisa kuna kitu chini. Uwa naulaza chini kwenye beseni la maji ya moto ndo unamaliziamalizia.

MitungiTabata

Dada yangu naanza na wewe kabla ya mwenye bajaji, tafadhali sana leo hii acha kuulaza mtungi. Nakuomba kama mdogo wako. Ukiusimamisha, kinachoingia kwenye regulata na mpira ni gesi. Ukiulaza kinachoingia ni kimiminika, na lita 1 ya hicho kimiminika ikitoka inakuwa zaidi ya lita 230 za gesi, regulata haijatengenezwa kwa hiyo kazi, moto utakuja mara kumi ya uliozoea ukiwa umeinama juu ya karai la mafuta. Na maji ya moto vivyo hivyo, joto linapandisha presha na wewe huna kipimo cha kujua imefika wapi.

Hilo la kukata mapema tutalirudia, nina njia ya kujua, nipe mda nimalize wateja hapa.

mwl_kemia

Habari wanajukwaa. Nafundisha kemia sekondari hapa Dar na nimefurahi kukuta mjadala wa namna hii, kwa sababu darasani wanafunzi wangu wanakariri yabisi, kimiminika, gesi kama majina ya makabila matatu ya vitu: chuma ni yabisi, maji ni kimiminika, hewa ni gesi. Kumbe hizo ni hali tu. Kitu kinahama hali na kinabaki kuwa kile kile. Barafu, maji ya bombani na mvuke wa birika vyote ni molekuli ile ile ya haidrojeni 2 na oksijeni 1, ukipima kwa uzito ni asilimia 11.2 haidrojeni na 88.8 oksijeni, iwe imeganda au inaruka. Kilichobadilika ni jinsi molekuli zinavyokaa, zimeshikana zimetulia, zimeshikana zinateleza, au zimeachana kila moja na njia yake.

Ndugu wa bajaji, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Gesi yako ni methani, kaboni 1 na haidrojeni 4, ndiyo ile inayotoka Songo Songo kule Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na ikaanza kuletwa Dar kwa bomba mwaka 2004. Kila kitu kina mpaka wake wa joto, ukiwa juu ya mpaka huo hata ukibane vipi hakigeuki kimiminika. Mpaka wa propani ni karibu nyuzi 97, wa butani ni 152, kwa hiyo kwa joto la Dar tuko chini ya mpaka na kubana kunatosha. Mpaka wa methani ni nyuzi 82 na nusu chini ya sifuri. Dar hatujawahi hata kuukaribia. Kwa hiyo kwenye bajaji yako wanaibana tu ikiwa gesi, presha mara 200 ya hewa ya kawaida, ndiyo maana chuma kinene na ndiyo maana mtungi haulii. Wa nyumbani hata kama ungekuwa propani tupu, kwa nyuzi 30 presha ni mara kumi na kidogo tu. Na huo mradi wa LNG unaozungumzwa Lindi ni wa kuipoza methani mpaka nyuzi 161 chini ya sifuri iwe kimiminika, ikifika hapo nafasi inayochukua inapungua kama mara 600, unaweza kuipakia melini.

bajaji_mbezi

Mwalimu shikamoo. Hii sijawahi kuelezwa, miaka miwili natembea na presha 200 chini ya kiti. Na kuishia ghafla?

mwl_kemia

Marahaba. Kwako presha inashuka kadiri unavyotumia, kama tairi linalopungua upepo, ndiyo maana geji yako inasema kweli ukiitazama. Kwenye mtungi wa nyumbani geji ya presha haikwambii kitu, maana ilimradi bado kuna kimiminika chini, kinachemka kujazia na presha haishuki kulingana na kiasi kilichobaki. Ndiyo maana gesi ya nyumbani inapimwa kwa kilo.

makete_baridi

Wakuu mimi kwetu Makete, nipo Dar kikazi. Kule nyumbani mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi kuna barafu kwenye majani, na mtungi uliokaa nje asubuhi unagoma, moto mdogo kama mshumaa, ukitikisa kuna kitu kibao ndani. Nikiupeleka ndani karibu na watu saa nne hivi unawaka vizuri. Wazee wanasema gesi ya kule inachanganywa na maji. Dar sijawahi kuona hiyo shida. Mwalimu hii nayo imekaaje?

mwl_kemia

Hapo umegusa kitu ambacho ningependa wanafunzi wangu wakisikie. Gesi ya mtungi siyo kitu safi kikemia.

Naomba nieleweke, sijasema ni feki. Kitu safi kwa mkemia ni kitu cha aina moja tu, elementi moja kama dhahabu ya karati 24, au kampaundi moja kama maji. Kitu safi kina tabia zisizoyumba: maji safi huku Dar usawa wa bahari yanachemka kwenye nyuzi 100, tone la kwanza na tone la mwisho. Propani tupu ingekuwa hivyo hivyo, presha ile ile mwanzo mpaka mwisho kwa joto lile lile. Lakini mtungi una propani na butani zimechanganywa, na mchanganyiko hauna msimamo huo. Propani inachemka kirahisi, inatangulia kutoka. Butani inabaki nyuma. Kwa hiyo mtungi wa siku ya kwanza na mtungi wa wiki ya tatu ndani yake si kitu kile kile, uwiano umeshahama. Dar haikusumbui sana kwa sababu kwa nyuzi 30 hata butani peke yake ina presha karibu mara 3 ya hewa ya kawaida, inatosha kupika. Makete asubuhi ikiwa nyuzi 2 au 3, butani inayochemka kwenye nusu nyuzi chini ya sifuri ina nguvu gani ya kutoka? Inabaki imekaa chini inalia chwa chwa, na wazee wanasema maji. Jua likitoka inaamka.

dada_maandazi

Ndo maana mwishoni inanuka? Kila mtungi ukikaribia kuisha nyumba nzima inanuka gesi, mpaka majirani wanajua kesho naenda kununua.

mwl_kemia

Dada umenifurahisha, huo ni ushahidi mwingine wa jambo hilo hilo. Propani na butani zenyewe hazina harufu. Harufu inatiwa kiwandani makusudi ili gesi ikivuja mtu ashtuke, mara nyingi ni kampaundi yenye salfa inayoitwa ethili makaptani. Yenyewe inachemka kwenye nyuzi 35, ni nzito kutoka kuliko wenzake wote mle ndani. Gesi inavyopungua yenyewe inabaki nyuma, na kwenye kile kidogo cha mwisho inakuwa imekolea. Hata hivyo harufu isikuzoeshe vibaya. Ukiisikia wakati mtungi bado mpya hiyo ni kuvuja, fungua milango na usiwashe kitu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni na kujikusanya chini, dirisha la juu peke yake halikusaidii.

kigamboni_kisima

Samahani natoka nje kidogo ya mada. Mwalimu umesema kitu safi. Mimi nauza maji ya kisima Kigamboni, na watu wananiambia maji ya chupa ndo safi kwa sababu imeandikwa safi kwenye karatasi. Je maji ya chupa ni H2O tupu?

mwl_kemia

Hapana. Ni masafi kwa kunywa, ila kikemia ni mchanganyiko, yana madini yameyeyuka humo, soma pembeni ya chupa utaona kalisiamu, sodiamu, magnesiamu. Ya kisima chako ya chumvi yana mengi zaidi. Ukitaka kuona, weka maji ya kisima kwenye sufuria moja, ya mvua kwenye lingine, chemsha yote yakauke kabisa. La kisima litabaki na utando mweupe. Ule ukoko mweupe wa birika la mama zetu ndio huo, sehemu kubwa ni kalisiamu kaboneti. Anayekaribia H2O tupu ni maji yaliyochemshwa mvuke wake ukakusanywa, yale ya kuongezea kwenye betri ya gari. Lakini angalieni, madukani jina "maji ya betri" wanaliita pia ile asidi, na asidi inaunguza ngozi, kwa hiyo soma chupa kwanza.

Na kwa kuwa umefungua mlango huo, chumvi pia. Chumvi ya mashamba ya Kunduchi inatoka baharini, ya Uvinza kule Kigoma inatoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi ardhini, zaidi ya kilometa elfu moja kutoka hapa. Ukiondoa uchafu na madini mengine, kilichobaki pande zote mbili ni sodiamu asilimia 39.3 na klorini 60.7 kwa uzito, haipungui haizidi. Uwiano huu usiobadilika haukukubalika kirahisi. Mfaransa Joseph Proust aliusimamia kuanzia miaka ya 1790 akafanya majaribio yake ya kopa (yaani shaba) kaboneti, akionesha kwamba ya kutoka mgodini na ya kutengenezwa maabara ni ile ile, huku mwenzake Berthollet akimpinga kwa miaka mingi kwamba uwiano unaweza kuwa wowote. Berthollet hakuwa mjinga, alikuwa anapima michanganyiko na aloi (metali zilizoyeyushwa pamoja) akidhani ni kampaundi, na kwenye michanganyiko kweli uwiano ni wowote, kama mtungi wetu.

Hata maji kutokea kwenye moto, alichoeleza mwanzisha uzi, ni jambo lililotikisa Ulaya. Wakati ule maji yalihesabiwa elementi. Henry Cavendish wa Uingereza aliunguza haidrojeni akapata maji, akachapisha mwaka 1784, na Lavoisier kule Ufaransa mwaka 1783 alikuwa ameshatangaza kwamba maji si elementi, yameundwa na vitu viwili. Mama aliyeona matone chini ya sufuria akauliza yametoka wapi aliuliza swali la Cavendish. Asidharauliwe.

MitungiTabata

Mwalimu hapo mwisho umenigusa. Kesho nampigia yule mama.

mamantilie_feri

Nami nina swali la jikoni. Napikia wavuvi na wachuuzi pale Feri, maharage kila siku. Nikiona yanachelewa naongeza moto mpaka mwisho. Naona gesi inaisha tu maharage bado magumu. Nakosea wapi?

MitungiTabata

Hili naliweza mimi mwenyewe, nawaambiaga wateja kila siku. Mama maji yakishaanza kuchemka yamefika nyuzi 100 basi, hapo ndo mwisho wake, ata uweke moto wa karakana hayazidi. Moto unaoongeza hauendi kwenye maharage, unaenda kugeuza maji kuwa mvuke, na hiyo kazi inakula gesi balaa. Kuchukua lita 1 ya maji ya bomba ya nyuzi 28 mpaka yachemke ni kama kilojuli 300, kuigeuza hiyo lita yote mvuke ni zaidi ya 2,250, mara saba na nusu. Yani kila unapoongeza maji kwa sababu yamekauka ujue umeshachoma gesi ya kuchemsha mara saba. Yakianza kutokota punguza moto mpaka yatokote tu taratibu, funika, maharage yataiva mda ule ule. Ukitaka yaive haraka kweli tafuta sufuria la presha, lile linambana mvuke ndani na maji yanafika kama nyuzi 120.

makete_baridi

Naongezea, ndo maana kwetu milimani maharage yanachukua siku. Hewa ni nyepesi maji yanachemka kabla ya 100.

mwl_kemia

Sahihi. Dodoma yanachemka kama kwenye 96, na juu kabisa ya Kilimanjaro, mita 5,895, kwenye 80 na kidogo.

mtaani_kwetu

Mnaongea vizuri ila mnawatetea sana wauzaji. Wahuni wapo. Mtu akiamua kutia maji kwenye mtungi mtamjuaje?

MitungiTabata

Swali la haki ndugu yangu, na ndo jibu la dada_maandazi niliyemuahidi. Maji yakiwemo hayawezi kutoka. Gesi ikiwa kimiminika ni nyepesi, lita moja ina kama nusu kilo tu, maji lita moja ni kilo nzima, kwaiyo maji yatazama chini ya gesi yakae hapo, na kwa nyuzi 30 hayachemki yakapita kwenye regulata. Gesi itaisha yote maji yatabaki. Sasa angalia kwenye mtungi wako, pale kwenye shingo au kwenye kile kishikio, pamepigwa chapa uzito wa mtungi mtupu. Gesi ikiisha kabisa moto umezima, usiulaze, uweke kwenye mizani ukiwa umesimama. Ukisoma sawa na ile chapa, hamna maji. Ukizidi kilo moja ujue kuna kitu kimebaki na sio gesi, niletee hapa tuende wote Wakala wa Vipimo.

Alafu mtungi mpya ukiununua upime kabla hujatoka dukani. Uzito wa mtupu ujumlishe kilo 15. Muuzaji asiyetaka kupima muache.

dada_maandazi

Sawa kaka. Wangu umebakiza siku kama nne hivi kuisha. Nimeazima mizani ya muuza unga hapa jirani. Nitaleta jibu.

bajaji_mbezi

Naweka kambi hapa dada.

dada_maandazi

Haya nimerudi. Mtungi umekata jana usiku nikiwa nakaanga za asubuhi, sijaulaza, nimeacha mpaka umezima wenyewe. Chapa inasema 14.2. Mizani inasoma 14.3. Nimepima mara tatu. Hiyo mia ya juu ndo maji?

mwl_kemia

Dada, asante kwa kupima mara tatu. Mtungi wa kilo 15 ndani una nafasi ya lita 35 hivi. Moto ukizima haina maana mtungi uko wazi, umejaa gesi yenye presha sawa na hewa ya nje, haina tena nguvu ya kutoka. Lita 35 za gesi nyingi yake ikiwa butani zina gramu 80 hivi. Mizani ya dukani inasoma kwa gramu mia mia. Hiyo ni gesi yako yenyewe, siyo maji. Maji lita moja tu ungesoma karibu 15.3.

dada_maandazi

Nimekuelewa mwalimu. Kwa hiyo kaka MitungiTabata samahani, maji hakuna.

Ila subirini. Leo asubuhi nimeenda kuchukua mpya pale pale ninapochukuaga siku zote, nikamwambia kijana naomba nipime. Akasema mizani mbovu. Nikatoa ya kwangu niliyoazima, nimekuja nayo kwenye bajaji. Mtungi chapa 14.6, kwa hiyo natakiwa nione 29.6. Mizani imesoma 28.4.

Kilo moja na gramu mia mbili hazipo. Nikamwambia nipe mwingine, wa pili umesoma 28.5 wakati chapa yake 14.5. Watu wamekaa kimya. Miezi yote hiyo nautikisa nasikiliza sauti, kumbe shida haikuwa kwenye kilichomo, shida ilikuwa kwenye kisichomo.

MitungiTabata

Dah. Pole sana dada yangu. Piga picha mizani na chapa zote mbili zionekane, na risiti, peleka Wakala wa Vipimo wiki hii hii. Ukihitaji mtu wa kwenda naye mimi nafunga duka saa nane nakuja.

Na yule mama wangu nimempigia. Nimemwambia aje na kiberiti chake cha gesi na sufuria la baridi, nimemwekea mizani mlangoni, kwa nje, watu waone.

dada_maandazi

Tunaenda Alhamisi, mimi na wamama watatu wa hapa mtaani, kila mmoja na mtungi wake. Mizani ya muuza unga nimeshairudisha, nimenunua yangu.